Kikulacho ki nguoni mwa fundi

Ndugu msikilizaji, katika karakana zinazotengeneza kompyuta ipo kesi moja ambayo haiishi. Mwenye mali analeta kompyuta yake iongezwe kumbukumbu au ipanguswe vumbi. Fundi anafungua kifuniko, anachomoa hiki, anachomeka kile, anafunga. Kompyuta inawashwa, feni inazunguka, lakini kioo kiko cheusi. Kadi ya grafiki, yaani ile bodi inayochora picha na kuipeleka kwenye kioo, imekufa. Mwenye mali anasema ilikuwa nzima alipoileta. Fundi anaapa kwamba hakuiangusha, hakuilazimisha, wala bisibisi yake haikuteleza. Inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli, na hata hivyo kadi imekufa.

Leo nataka tuizungumze kesi hiyo, si kwa nia ya kumtafuta wa kumfunga, bali kwa kuiuliza historia. Mkono wa binadamu umekuwa ukiingia ndani ya mashine hizi tangu zilipozaliwa, na kila kizazi cha mashine kimekuwa na namna yake ya kuumizwa na mkono huo. Anayeijua historia hiyo atakuwa hakimu mwenye haki zaidi siku kesi kama hiyo itakapofika mlangoni kwake. Na kwa jinsi vyombo hivi vilivyo na bei, siku hiyo inaweza kufika kwa yeyote kati yetu.

Tuanze na ukweli mmoja wa kushangaza: kompyuta za kwanza hazikumwogopa mtu. Ile iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani mwezi Februari 1946, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi na valvu karibu 18,000. Wazee wanaokumbuka redio za zamani wanazijua valvu: vichupa vya kioo vinavyopata moto na kutoa mwanga mwekundu. Kuiambia ENIAC ifanye hesabu mpya kulikuwa kazi ya mikono. Wanawake sita, wataalamu wa hesabu, waliingia kati ya makabati yake wakachomoa nyaya na kuzichomeka mahali pengine, na kuzungusha swichi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo iliweza kuchukua siku kadhaa. Hapakuwa na mpaka kati ya mtumiaji na fundi, maana kutumia mashine kulikuwa ndiko kuingia ndani yake.

Valvu zilikufa, tena nyingi. Lakini hazikuuawa na vidole. Kilichoziua zaidi ni joto, na hasa ule mshtuko wa kuwashwa na kuzimwa, hata wahandisi wakaona ni nafuu kuiacha mashine ikiwaka usiku na mchana. Mwaka 1947, tarehe 9 Septemba, mafundi wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walikuta nondo amenasa ndani ya swichi mojawapo ya umeme. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, wakaandika kwamba huyo ndiye mdudu wa kwanza kupatikana kweli kweli. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Marekani mpaka leo. Katika enzi hiyo, adui wa mashine alionekana kwa macho. Ungeweza kumshika kwa koleo ndogo na kumwonyesha mkubwa wako.

Adui anayetuhusu leo haonekani, ingawa ni mkongwe kuliko mashine zote. Wayunani wa kale walijua kwamba ukisugua kaharabu kwa kitambaa, huvuta manyoya na vipande vya majani makavu. Neno lao la kaharabu ni elektron, na ndilo lililozaa jina la umeme katika lugha nyingi za Ulaya. Umeme huo wa kusuguana ndio tunaouita umeme tuli, kwa kuwa hautembei kwenye waya bali hukaa juu ya kitu ukingoja pa kurukia.

Kwa miaka mingi ulikuwa mchezo. Mwaka 1745 na 1746, Ewald von Kleist huko Pomerania na Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba umeme huo unaweza kuwekwa akiba ndani ya chupa. Mwaka huo wa 1746 kasisi wa Kifaransa, Jean-Antoine Nollet, aliwapanga askari 180 wakashikana mikono mbele ya Mfalme Louis wa 15, kisha akapitisha umeme wa chupa hiyo katika mstari wao. Wote wakaruka kwa pamoja, na mfalme akafurahi sana. Hakuna aliyedhani kwamba umeme wa kuchezea askari ungekuja kuwa hasara ya viwanda vizima. Mwili wa mtu unaweza kustahimili cheche kama hiyo. Kwa hiyo watu walijifunza kuicheka.

Kicheko hicho kilianza kugeuka mwaka 1947, pale John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley wa maabara za Bell walipotengeneza transista, kijidude kigumu kisicho na kioo wala moto, kinachofanya kazi ya valvu. Mwaka 1958 Jack Kilby, na mwaka 1959 Robert Noyce, wakaonyesha jinsi ya kuunganisha transista kadhaa juu ya kipande kimoja, na hicho ndicho tunachokiita chipu. Lakini hatua iliyobeba neema na balaa kwa pamoja ilipigwa mwaka 1959 katika maabara hizo hizo za Bell na watu wawili wahamiaji: Mohamed Atalla, Mwafrika mwenzetu mzaliwa wa Port Said nchini Misri, na Dawon Kahng kutoka Korea. Transista yao inaongozwa na lango la chuma lililotengwa na silikoni kwa utando mwembamba wa kioo. Hilo lango haligusi silikoni. Linaamrisha kwa mbali, kupitia utando. Transista ya namna hiyo ilikuwa rahisi kutengeneza kwa wingi, ikala umeme kidogo, na ndiyo iliyojaza dunia. Simu uliyonayo mfukoni ina mabilioni ya wajukuu wa kazi ya Atalla na Kahng.

Sasa sikiliza balaa yake. Utando ule wa kioo ni kihami, lakini kihami chochote kina kikomo. Kwa makadirio ya kawaida, utando huo hutoboka kwa kama volti moja kwa kila nanomita moja ya unene wake. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa kichwa ni kiasi cha nanomita 80,000. Kampuni ya Intel ilipotoa chipu yake ya 4004 mwaka 1971, ikiwa na transista 2,300, utando ulikuwa na unene wa nanomita 100 hivi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa chini ya nanomita 10. Maana yake ni kwamba utando uliohitaji volti kama 100 kutoboka ukawa unatobolewa na volti zisizozidi 10, na kila wataalamu walipofanikiwa kuziweka transista nyingi zaidi mahali pamoja, walikuwa wakipunguza ngozi ya kila moja.

Linganisha na mwili wetu. Mtu hausikii mchomo wa umeme tuli mpaka ufike volti 3,000 hivi. Ukiwa umebeba volti 500, huna habari. Huoni cheche, husikii mlio, hushtuki. Na kupata volti hizo hakuhitaji ufundi. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa mwaka 1980, ambao wataalamu wengi wameunukuu tangu hapo, ulieleza kwamba mtu anayetembea juu ya zulia katika hewa kavu sana anaweza kujikusanyia hadi volti 35,000, na katika hewa yenye unyevu mwingi kama volti 1,500. Kuinuka kwenye kiti kunatosha. Kuvua koti la nailoni kunatosha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao walikuwa na maana nyingine kabisa, lakini sioni maneno yanayolieleza jambo hili vizuri zaidi. Fundi anayeapa kwamba hakuigusa vibaya ile kadi anasema kweli kwa kadiri macho na vidole vyake vinavyojua. Aliyeigusa vibaya ni shati lake.

Viwanda viliutambua ugonjwa huu kwa kuumia. Katika miaka ya 1960 na 1970 chipu zilitoka mezani kwa mpimaji zikiwa nzima, zikafika kwa mnunuzi zikiwa zimekufa, na hakuna aliyeelewa. Mwaka 1979 wahandisi wakafanya mkutano wao wa kwanza maalumu juu ya hasara hii, na mwaka 1982 wakaunda chama chao nchini Marekani. Wakafanya jambo ambalo mimi huliona la kufurahisha: wakampima binadamu kama kifaa cha umeme. Katika vipimo vyao, mimi na wewe ni kapasita ya pikofaradi 100 yenye ukinzani wa omu 1,500. Kwa kipimo hicho sampuli za kila aina ya chipu hupigwa cheche kuona kama zitaistahimili. Ndani ya miguu ya chipu wakaweka njia ndogo za kuuchepusha umeme usifike kwenye utando. Wakaleta mifuko ya rangi ya fedha ya kufungia kadi, na mkanda wa kuvaa mkononi wenye waya wa kuunganisha mwili na chuma cha kompyuta. Katika waya huo huwekwa ukinzani wa omu milioni moja, ili umeme tuli utoke polepole, na pia ili fundi akigusa umeme wa ukutani kwa bahati mbaya asiuawe na mkanda uliokusudiwa kulinda kadi.

Lipo jambo moja zaidi ambalo kila anayehukumu kesi hizi inafaa alijue. Cheche si lazima iue papo hapo. Inaweza kuuacha utando na kidonda kidogo tu. Kadi inaendelea kuchora picha wiki nzima, pengine mwezi, huku kidonda kikipanuka kwa joto na matumizi, kisha siku moja inaanza kutoa mistari na madoa, halafu giza. Siku hiyo atakayelaumiwa ni yule aliyeigusa mwisho, wakati aliyeijeruhi ni mwingine, labda muuza duka aliyeitoa kwenye mfuko wake ili mteja aione vizuri. Niliwahi kushuhudia ubishi wa namna hii mjini, mteja na fundi wakinyang'anyana kadi mikono mitupu, kila mmoja akiishika pale pale penye meno ya dhahabu kumwonyesha mwenzake kwamba haina mchubuko. Kama ilikuwa bado na uhai, sidhani kama iliuhifadhi baada ya ushahidi ule.

Basi kwa nini kadi ya grafiki ndiyo inayotajwa mara nyingi katika kesi hizi? Jibu liko katika uamuzi wa kibiashara. Mwaka 1977 kampuni ya Apple ilitoa Apple II, ambayo Steve Wozniak aliipa nafasi nane za kuchomekea kadi, na kifuniko chake kilifunguka kwa mkono mtupu. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ikatoa kompyuta yake binafsi yenye nafasi tano. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, lakini kwa bei hiyo hukupata kioo, wala kadi ya kukiendesha. Mnunuzi alichagua mwenyewe: kadi ya maandishi tu yasiyo na rangi, au kadi ya rangi iliyokuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16. Kisha ilibidi kifuniko kifunguliwe, kadi ichomekwe, na viswichi vidogo kwenye bodi kuu vipangwe ili mashine ijue imepewa kadi ipi. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza kadi ya picha ilitengenezwa ili iguswe. IBM ilichapisha hata michoro ya saketi zake, na kampuni nyingine zikajitosa kutengeneza kadi bora na rahisi zaidi.

Faida yake haikuwa ndogo. Kadi za IBM hazikuweza kuonyesha maandishi ya lugha zote kwa usafi. Mwaka 1982 Van Suwannukul, msomi wa asili ya Thailand aliyekuwa Marekani, akaanzisha kampuni ya Hercules na kutoa kadi iliyochora nukta 720 kwa 348 kwenye kioo kile kile kisicho na rangi. Inaelezwa kwamba alianza kuiunda kwa sababu alitaka kuandika tasnifu yake kwa herufi za Kithai. Kadi hiyo ikawa maarufu dunia nzima. Tafakari jambo hilo, ndugu msikilizaji. Mtu ambaye lugha yake haikufikiriwa na watengenezaji aliweza kuitia lugha hiyo ndani ya mashine kwa sababu mashine ilikuwa na kifuniko kinachofunguka na nafasi iliyo wazi. Kama ingekuwa imefungwa, angesubiri hisani ya kampuni.

Lakini mlango unaomwingiza mgeni mwema humwingiza na ajali. Kompyuta za miaka ya 1980 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 zilipata umeme kupitia plagi mbili za waya zilizofanana, P8 na P9, zilizokaa sambamba kwenye bodi kuu. Ukizibadilisha nafasi, umeme uliingia pasipo pake, na bodi pamoja na kadi zake ziliweza kuungua mara moja. Kinga pekee ilikuwa kanuni ya kukariri: nyaya nyeusi zikutane katikati. Mafundi walifundishana kanuni hiyo kama dua. Aliyesahau aliitwa mzembe. Mwaka 1995 Intel ikaleta mpangilio mpya ulioitwa ATX, wenye plagi moja tu ya matundu 20, iliyochongwa isiweze kuingia kinyume. Tangu hapo wazembe wale wakatoweka. Watu walikuwa wale wale, ila plagi ilikuwa imebadilika.

Na ATX nayo ikaleta mtego wake. Zamani swichi ya kompyuta ilikata umeme wote. Katika ATX, maadamu waya uko ukutani, volti 5 zinaendelea kupita kwenye bodi hata kompyuta ikiwa imezimwa, ili iweze kuamka inapobonyezwa. Fundi wa zamani aliyezoea kwamba kuzimwa ni kuzimwa akachomoa kadi kwenye bodi yenye umeme. Wakati huo huo vijidude vya juu ya kadi vilikuwa vimepungua hadi ukubwa wa punje ya mchanga, vikilehemiwa juu juu bila miguu ya kupenya bodi, hivyo bisibisi ikiteleza mara moja tu huving'oa kama magamba ya samaki. Na kwenye nafasi za kadi kukawekwa kilimi cha kuishikilia kadi isilegee, ambacho mtu asiyekijua huvuta kadi kwa nguvu mpaka kitu kivunjike.

Mfano wa karibuni zaidi unaonyesha kwamba hatujabadilika. Oktoba 2022 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi ya RTX 4090 kwa bei ya dola 1,599, kadi peke yake ikizidi kwa tarakimu ile bei ya kuanzia ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Ina transista zaidi ya bilioni 76 na hula wati 450, wakati chombo cha umeme cha ile IBM nzima kilitoa wati 63.5 tu. Umeme wote huo uliingia kupitia plagi ndogo mpya ya kubeba hadi wati 600. Kabla mwezi haujaisha, wenye kadi wakaanza kuonyesha plagi zilizoyeyuka. Mwezi uliofuata kampuni ikaeleza kwamba chanzo kikubwa ilichokiona ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Kwa maneno mengine, mkono wa mtumiaji. Lakini mwaka 2023 mpangilio wa plagi hiyo ukarekebishwa: pini ndogo za kutoa ishara zikafupishwa, ili plagi isipoingia sawasawa umeme mwingi usipite. Hadithi ni ile ile ya P8 na P9. Kwanza alilaumiwa mtu, kisha chombo kikatengenezwa upya, na kule kukitengeneza upya kukawa kukiri kwamba mtu hakuwa peke yake kizimbani.

Sasa wapo wanaosema dawa ni kufunga. Kama mkono unaharibu, mkono usiingie. Wazo hilo nalo lina historia. Mwaka 1984 Apple hao hao wa kifuniko cha kufunguka kwa mkono walitoa Macintosh, isiyo na nafasi za kadi, ikiwa imefungwa kwa skrubu za nyota, mbili kati yake zikiwa ndani sana kiasi kwamba bisibisi ya kawaida haikuzifikia. Siku hizi kompyuta nyingi za kubebeka zina chipu ya picha na kumbukumbu iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Huwezi kuua kadi kwa kuichomoa, kwa sababu hakuna cha kuchomoa. Lakini chipu hiyo moja ikifa, unatupa bodi nzima, na mara nyingi kompyuta nzima. Ajali ndogo imeondolewa kwa kuiweka hasara kubwa mahali pake.

Sisi Tanzania tuliwahi kwenda mbali zaidi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hasara na matatizo ya kuziendesha, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Sababu zilikuwepo, fedha za kigeni zilikuwa chache na wataalamu walikuwa wachache zaidi, na simlaumu mtu aliyeamua katika hali ile. Lakini katazo lile lilipolegezwa hatua kwa hatua na milango kufunguliwa katika miaka ya 1990, mashine zilimiminika kuliko waalimu. Wengi waliozipokea walitokea kwenye redio. Walikuwa na mikono hodari na macho makali, lakini mikono iliyozoea vifaa vinavyostahimili kushikwa. Fundi wa redio hakuwahi kuhitaji kuogopa shati lake. Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni zimebadilika. Kumwita mtu huyo mzembe ni kumdai karo ya shule ambayo haikujengwa.

Kwa hiyo mimi siungi mkono kufunga. Naunga mkono kujua. Na kujua kwenyewe ni rahisi kuliko tunavyodhani. Kwanza, chomoa waya ukutani, usitegemee swichi. Pili, kabla ya kugusa chochote cha ndani, shika chuma kitupu cha kasha, na urudie kila unapoinuka na kukaa tena. Mkanda wa mkononi ukiuunganisha na kasha hilo ni bora zaidi, na unafaa hata katika nyumba ambazo waya wa ardhi upo kwenye soketi kwa jina tu, kwa sababu shabaha ni wewe na kasha muwe na kiasi kimoja cha umeme, ili pasiwe na sababu ya cheche kuruka. Tatu, kadi ishikwe kingo zake, si meno yake, na ikae ndani ya mfuko wake mpaka dakika ya kuchomekwa. Nne, achia kilimi kabla ya kuvuta, na plagi iingie hadi mwisho.

Hapo sitasahau hali ya hewa yetu. Watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wana bahati, kwani unyevu wa pwani huuondoa umeme tuli mapema, ingawa hutulipisha kwa kutu na chumvi. Lakini bahati hiyo huishia mlangoni mwa ofisi yenye kiyoyozi, maana kiyoyozi hukausha hewa. Mwenye karakana Dodoma katika miezi ya kiangazi asijilinganishe na wa pwani. Na zulia zuri chini ya meza ya fundi ni pambo la gharama kubwa.

Mwaka 2022 jimbo la New York nchini Marekani lilipitisha sheria ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa chombo chake cha elektroniki popote, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukatoa maelekezo yanayofanana na hayo. Mataifa tajiri yameanza kuona kwamba chombo usichoruhusiwa kukifungua si chako kamili. Kwetu, ambako kompyuta moja hupita mikononi mwa wenye mali watatu au wanne kabla haijazikwa, jambo hilo lina uzito mara nyingi zaidi. Kijana anayefungua kompyuta yuko kwenye njia ile ile aliyopita Van Suwannukul na herufi zake za Kithai. Njiani ataharibu kadi moja au mbili, na hasara hiyo ni ya kweli, hasa kama kadi si yake.

Ndiyo maana naomba pande zote mbili zifanye jambo moja kabla kifuniko hakijafunguliwa. Mwenye mali na fundi waiwashe mashine pamoja, waone kinachofanya kazi na kisichofanya, wakiandike kwenye karatasi, na wakubaliane nani atabeba nini iwapo kitu kitakufa mikononi. Karatasi hiyo haizuii cheche. Lakini itazuia watu wawili wasemao kweli kuitana waongo kwa sababu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona.